Kikombe cha Maziwa Ulichonirudishia

Kaka,

Shikamoo usiitafute hapo juu. Nimeiruka kusudi. Itakuja wakati wake ukifika, na isipokuja basi ujue mkono ulichoka kabla ya moyo.

Barua hii naiandika mwenyewe. Sikumwita katekista, sikumwita mwalimu, na hawa vijana wa Sumbawanga wanaosalimia wazee "mambo" nisingewapa hata kalamu yangu waishike. Nilijifunza kuandika katika darasa la watu wazima, kule kwenye ghala la ushirika, na katika darasa zima mimi ndiye wa kwanza kuandika jina langu bila kushikwa mkono. Ulikuwepo. Ulikaa nyuma yangu, na la kwako likatoka wiki mbili baadaye, limepinda. Sisemi kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bahasha sikuifunga. Kondakta wa lori ataisoma njiani, mwenye duka wa hapo Kate ataisoma kabla hajakupa, na mke wake atawasomea majirani. Waache wasome. Yale niliyokwambia siku ya harusi ya Paskalia niliyasema uwanjani, watu wamejaa. Na haya yapite mbele ya watu. Mimi si mtu wa kutukana hadharani halafu akanong'ona chumbani.

Neno lenyewe ni hili. Paskalia amejifungua mtoto wa kiume. Atabatizwa Jumapili ya kwanza baada ya watu kumaliza kuvuna ulezi. Wamempa jina lako, Melkiori. Sikuulizwa. Nilikuwa na majina mazuri zaidi, langu likiwa mojawapo. Halafu juzi Paskalia akaja akasimama mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, akasema, "Baba, kama baba mkubwa hayupo mezani, mimi sipiki. Watu wakitoka kanisani waende makwao."

Nikamwambia asinipe masharti katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu.

"Nyumba umejenga, baba," akasema. "Mtu wa kukaa ndani yake ndiye umemfukuza."

Mtoto niliyemlisha mwenyewe! Lakini anasema kweli juu ya jambo moja. Katika ukoo wetu baba mkubwa ndiye anayemwekea bibi harusi mkono kichwani na kumpa maneno ya kuondokea. Wewe uliondoka kabla ya kumwekea, naye akapanda kwenye gari la wakwe kichwa kitupu. Ana watoto watatu sasa na bado anaisema siku ile. Ndiyo maana naandika. Usije ukadhani nimekukumbuka tu hivi hivi.

Sasa nikwambie lililonipata, ucheke. Cheka sasa hivi, umalize, ndipo uendelee kusoma.

Unalikumbuka tumbo langu. Hakuna mtu katika Ufipa yote aliyekuwa na tumbo kama langu. Nilikula kiporo cha juzi nikaenda kulima matuta hadi jioni. Nilikula samaki ambao paka wa mama aliwanusa akaondoka. Na kule misheni, tulipokuwa wadogo, masista walipotugawia maziwa ya unga kutoka kwenye yale mapipa, watoto wote walikunywa kikombe kimoja. Mimi nilikunywa viwili, changu na chako. Hili nitalirudia baadaye.

Halafu ikaja ile miaka ya uhaba. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi, na maziwa nani aliyaona? Chai ilikuwa ya rangi kwa wote, mwenyekiti na mlevi. Sukari ikikosekana chai tuliisukuma na kiazi kitamu. Na nakuapia, miaka yote ile tumbo langu halikulia hata mara moja. Nilidhani ni nguvu zangu. Kumbe lilikuwa limepumzishwa.

Kisha wakubwa wakasema ruksa. Ulikuwa bado hapa Pito, uliona. Walanguzi waliokuwa wakifukuzwa na mgambo wakaamka asubuhi wanaitwa wafanyabiashara, wakaleta malori hadi mlangoni kununua mahindi. Na maduka ya mjini yakajaa vikopo. Maziwa ya kopo, siagi ya kopo, biskuti za rangi tatu, juisi ya unga inayopaka ulimi kama wino. Watu wakawa wazimu. Mtu aliyelelewa na uji wa ulezi akaona haya kunywa uji wa ulezi mbele ya mgeni. Mke wa mwenyekiti alikuwa anapanga makopo matupu juu ya kabati ili watu wayaone. Makopo matupu, kaka! Nawadharau mpaka leo.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza Pito kununua kopo kubwa, lile la kubebwa kwa mikono miwili. Sikulipanga kabatini. Nililinywa. Chai ya maziwa asubuhi, uji wenye maziwa mchana, mkate wa mjini umepakwa siagi hadi unateleza. Nikaota kitambi, nikawa nakipapasa mbele ya watu. Na Jumamosi Masanja akawa ananiletea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe. Masanja ni yule Msukuma aliyehamia na mifugo yake ng'ambo ya kijito mwaka ule ulipoondoka. Baada ya mavuno ng'ombe wake wanakula mabua shambani kwangu, naye ananilipa kwa maziwa. Mtu mzuri, ila anaimba vibaya.

Tumbo lilianza kwa kuunguruma. Nikasema ni njaa, nikaongeza maziwa. Likaanza kujaa kama ngoma. Nikasema ni baridi ya Juni, nikaomba maziwa yawe ya moto zaidi. Likaanza kunikimbiza nyuma ya nyumba mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Hapo nikalaumu maharage. Maharage! Mtu aliyezaliwa Ufipa analaumu maharage. Nikayaacha miezi miwili nzima, nikawa nayatazama kwenye sahani za wengine kama mjane, na tumbo likazidi.

Siku moja likaniaibisha kanisani. Unajua mimi nakaa benchi la mbele, na sikai pembeni. Padri yuko katikati ya mahubiri, tumbo langu nalo likaanza mahubiri yake. Watoto wa kwaya wakageuka. Nikasimama taratibu, nikajifanya naenda kufukuza mbuzi aliyeingia uani. Hapakuwa na mbuzi. Kila mtu alijua hapakuwa na mbuzi. Nilipokuwa narudi nikamsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu wamemweza."

Unajua maana yake. Huko nje watu wakisikia Sumbawanga wanashika hirizi, na sisi wenyewe tumefikia kuwaamini. Mtu akijikwaa, kalogwa. Mahindi yakikauka, jirani. Siku zote nimewacheka watu wa namna hiyo, nikasema ni wavivu wanaotafuta mtu wa kumtwisha. Lakini nilipofika nyumbani nikaketi, na nani akanijia kichwani? Masanja na kibuyu chake. Nikasema kumbe ndiyo shukrani ya mabua yangu.

Nikamweleza Mama Paskalia. Hakuacha hata kupepeta. "Kama umelogwa," akasema, "mchawi wako yuko ndani ya lile kopo. Nenda zahanati."

Nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na safari ya upande ule ule.

Pale nikamkuta nesi mmoja, binti mdogo ambaye kama ningemzaa mwishoni mwishoni angekuwa kitinda mimba wangu. Nikasema moyoni, huyu atanifundisha nini? Akanipa shikamoo, akavuta kiti.

"Babu, asubuhi unakunywa nini?"

"Chai."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Unaniona mimi ni mtu wa rangi?"

Akaandika. Akauliza mchana, akauliza jioni, akauliza na Jumamosi. Kila nilipojibu kwa majivuno aliandika. Mwisho akafunga daftari. "Babu, acha maziwa wiki mbili. Na siagi ya kopo, na biskuti, na ule mkate."

"Dawa iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Nimetembea kutoka Pito unipe dawa ya kuacha?"

"Ingekuwa sindano ungefurahi?" akasema, na hakucheka.

Kisha akanieleza. Akasema watu wengi sana matumbo yao hayawezi maziwa. Si ugonjwa wa kufa, si uchawi, si kuringa. Mtoto mchanga anayaweza, halafu akikua tumbo linasahau kazi ile. Wengine linasahau uzeeni, kama mimi. "Na wengine," akasema, "linaanza kukataa wakiwa bado watoto wadogo."

Aliposema watoto wadogo nikatazama dirishani. Palikuwa na kuku tu.

Alinipa daftari niandike kila ninachokula. Mimi sina haraka ya herufi, kwa hiyo nilichora. Kikombe, samaki, kiazi, jani la maboga. Pembeni nikachora jua kama tumbo lilinyamaza, au wingu kama lilinguruma. Mama Paskalia aliiona michoro ile akauliza kama nafungua shule ya chekechea. Lakini wiki ya pili, kaka, jua lilijipanga kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Siku ya kumi na tano nikanywa kikombe kimoja cha maziwa ili nimwaibishe yule nesi. Wingu. Nikajaribu tena siku ya ishirini. Wingu, na mvua.

Basi nikabadilisha nyumba yangu. Nasema nikabadilisha mimi, ingawa Mama Paskalia anasimulia kwa namna yake. Asubuhi uji wa ulezi na karanga zilizotwangwa. Mchana ugali, maharage (niliyaomba radhi), mboga za majani, na dagaa wa kutafunwa pamoja na mifupa yao, kwa sababu nesi alisema mifupa ya mtu nayo inataka kitu badala ya maziwa. Maziwa ya mgando naonja kidogo, kadiri ya kikombe cha kahawa, hayo tumbo linayavumilia, mengi halitaki. Nikiamka nakwenda kwa miguu hadi kwenye matuta ya juu na kurudi kabla sijatia kitu kinywani. Nala mapema, jua likiwa bado mlimani. Kitambi kimekwisha. Mkanda wangu nimeutoboa matundu mawili mapya. Leo nawapita vijana kwenye kile kilima cha kwenda mjini, wanahema na baiskeli zao pembeni, nawauliza kama niwasaidie kusukuma.

Wakubwa wa afya wanakuja na magari kutufundisha mambo hayo kama kwamba wameyavumbua wao. Ni maisha ya mama yetu yale yale. Kamba ya maharage ukutani, ulezi kwenye kihenge, na miguu. Tuliyatupa wenyewe kwa ajili ya kopo.

Lakini sikukuandikia kukusimulia uji.

Shida haikuwa kuacha. Kuacha ni kazi ya siku tatu kwa mtu kama mimi. Shida ni watu. Niliingia hotelini pale stendi, nikaagiza chai ya rangi. Kijana wa kuhudumu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Babu, mwaka huu wa mahindi mazuri bado uko kwenye rangi?" Meza zote zikacheka. Mmoja akasema, "Mshikaji, mletee mzee maziwa, nalipa mimi." Nikaona nieleze. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: tumbo langu halipatani na maziwa.

Unayajua maneno hayo. Ni yako. Nikanywa rangi yangu, ikaniunguza ulimi.

Halafu Masanja akamaliza kujenga nyumba ya bati, akaita majirani. Tulikuwa kama watu kumi na watano uani kwake. Akatoka na kibuyu, maziwa ya asubuhi ile ile, akamimina kikombe, akaonja yeye kwanza kama desturi, kila mtu aone ni safi, akanikabidhi mimi wa kwanza. Heshima hiyo, kwa sababu ya umri wangu na mabua yangu. Nikakishika. Nikakitazama. Nikakirudisha.

Unajua jinsi watu wanavyoacha kutafuna. Hapa kwetu mtu akikataa kikombe kilichokwisha kuonjwa, hajasema ameshiba. Amesema, wewe ni mchawi.

Masanja akaonja tena, akameza wote wakiona. "Mzee, hakuna kitu humu."

"Najua hakuna kitu," nikasema. "Tumbo langu halipatani na maziwa."

Mtu nyuma akacheka. "Tumbo gani hilo linalochagua nyumba?"

Nilijua Masanja akinifukuza ana haki. Nilijua ng'ombe wake na mabua yangu yamekwisha siku ile, na mpaka jioni Pito yote itakuwa na habari. Yule Msukuma akaweka kikombe chini, akajifuta mikono, akaniambia, "Basi mzee, nikupe nini?"

Ni hilo tu. Nikupe nini.

Nikasema maji. Akaleta maji, na kiazi cha kuchoma juu ya sahani ya bati. Mazungumzo yakaendelea. Yule wa nyuma akaanza kuongea habari za bei ya ng'ombe. Mimi nikabaki na kiazi mkononi.

Kaka, mtu aliyekuja juzi, asiyejua hata kusema neno moja la Kifipa bila kulivunja, aliniuliza kitu ambacho mimi sikukuuliza wewe, niliyelala nawe mkeka mmoja.

Siku ya harusi nilimimina mwenyewe. Nilikuwa nimenunua makopo manne ya maziwa ili wakwe waone mtu waliyeoa kwake. Nilionja, nikakupa wa kwanza, wakwe wote wanatazama. Ulikishika kwa mikono miwili, ukasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, tumbo langu halipatani na maziwa." Kisha ukanirudishia mkononi, kimejaa hadi ukingoni.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Tumbo gani linalochagua? Sema unaniogopa. Kama unaona nimekuwekea kitu, uwaambie watu hapa." Nikasema, "Kumbe miaka yote hii unakula kwangu huku unanihesabu mchawi." Nikaita na jina la mama yetu katika maneno yale. Ukanitazama. Ulikuwa na ile kofia yako ya sufu, uliivua ukaivaa tena. Ukasema, "Haya." Ukatoka kwa mguu, ukampita Paskalia na shela yake bila kumgusa kichwa. Mavuno yalipokwisha ukahamia Kate, na mimi nikawaambia watu kwamba mwenye hatia hukimbia.

Wewe nawe, nikuambie, si malaika. Ungeweza kukiweka kile kikombe chini ya kiti kama watu wanavyofanya kwenye pombe mbovu. Ungeweza kuja kesho yake ukanipiga kibao, ningekusikia. Ukachagua kununa, ukanunia hadi wilaya nyingine. Nimepita Kate mara mbili kutafuta mbegu za maharage, nikaliona bati la nyumba yako, nikageuza shingo. Najua na wewe uliniona mara moja, ulikuwa juu ya paa unapigilia misumari, nyundo ikasimama. Hukuita. Ugumu huo umeurithi kwa baba, na mimi sina hata chembe.

Sasa lile la misheni nililosema nitalirudia.

Yule sista mrefu alikuwa anasimama na fimbo mwisho wa foleni, kuhakikisha kila mtoto amemaliza kikombe. Siku ya kwanza ulimaliza, ukatapika kwenye baraza mbele ya kanisa, ukachapwa kwa kuharibu maziwa ya wafadhili. Siku ya pili ulinivuta nyuma ya tangi la maji. Ulikuwa na miaka tisa hivi. Ukasema, "Ninywee." Nikakunywea. Ukarudisha kikombe kitupu kwa sista, na akakusifu. Tangu hapo kila siku, nyuma ya tangi, wewe umesimama unalinda na mimi nagugumia. Nikanenepa. Tukawa tunarudi nyumbani mbio, wewe umenishika mkono, tunacheka. Uliniambia, "Usimwambie mama." Sikumwambia mama. Sikumwambia mtu yeyote mpaka leo ninapomwambia kondakta wa lori na mwenye duka.

Nimezunguka barua nzima nikijisifu tumbo langu, na nimelitaja tangi mwishoni, kwa sababu hapa ndipo pagumu. Watu wa Pito wanadhani siku ya harusi sikujua, kwamba nilikosea kama mtu yeyote wa huku angekosea, kikombe kimerudishwa na damu ikachemka. Hata Mama Paskalia anadhani hivyo, na ndivyo anavyonitetea. Nilimwacha anitetee.

Nilijua.

Nilipokukabidhi kile kikombe nilijua. Hakuna mtu duniani aliyejua kuliko mimi. Lakini wakwe walikuwa wanatazama, na makopo yalikuwa manne, na nikasema leo atakunywa, mara moja tu, kwa ajili yangu. Uliponirudishia nikaona heri uonekane wewe unaniita mchawi kuliko mimi nionekane nimekataliwa. Hukuwahi kuniita mchawi. Neno lile nililitia mimi kinywani mwako, na nalitoa leo, mbele ya watu wote watakaoshika karatasi hii.

Nimemdharau mwenye duka, nimemdharau mke wa mwenyekiti na makopo yake, nimemdharau kijana wa hotelini. Wote hao ukiwaweka pamoja hawamfikii kwa kudharaulika yule aliyesimama na kopo siku ile ya harusi.

Sasa sikia. Njoo Jumamosi, tuwahi Misa ya Jumapili. Lori la Kate linafika mjini mchana, nami nitakuwa pale stendi, nikinywa rangi, acha wacheke. Sitakuuliza kama unaumwa wala kama unaringa. Nitakuuliza lile la Masanja. Nikupe nini, kaka? Ukisema maji, ni maji. Ukisema huniamini hata kwa maji, basi njoo na vyako. Beba ulezi wako, maharage yako, chumvi yako, chungu chako, hata kuni ubebe kama unaona kuni za Pito zinanuka. Jiko nitakupa na sitanuna. Paskalia atapika vya watu, wewe utapika vya kwako. Mwekee mkono kichwani, amengoja sana, na huyo Melkiori mdogo mwangalie kama ana pua yako, mimi nakataa.

Na ukishaivisha, pakua, uweke mezani mbele ya wakwe wale wale. Nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono katika sahani yako. Usionje kwanza.

Shikamoo, kaka.

Mdogo wako,
aliyekunywa vikombe vyote viwili.